Kushuka na longibodi kwenye miteremko ya Newala na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaoishi Mtwara na Lindi, na kwa marafiki wanaokuja kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au mbali zaidi wakiwa na mbao zao mgongoni. Tumeanza na yale yanayovunja watu mifupa, kisha vifaa, kisha safari.

Longibodi ya mteremko ina tofauti gani na skeitibodi ya kawaida?

Skeitibodi ya kawaida ni fupi, magurudumu yake ni madogo na magumu, na imetengenezwa kwa kuruka. Longibodi ya mteremko ni ubao mgumu usionesa, wenye umbali mrefu kati ya vyuma vya mbele na vya nyuma (sentimita 55 hadi 70 hivi), na magurudumu laini ya milimita 70 hadi 75. Vyuma vile viwili vya chini vinavyoshika magurudumu na kuruhusu ubao ukunje kona, hapa tutaviita traki, kama wachezaji wanavyoviita.

Ubao huu hauna breki. Breki ni mwili wako. Mtu asiyejua kuusimamisha hajui kushuka, hata kama anaweza kusawazisha mwili kutwa nzima.

Mtu huwa anafikia kasi gani?

Mwaka 2017, Pete Connolly wa Uingereza alifika kilomita 146.73 kwa saa huko Les Éboulements, Quebec, Kanada. Lakini ile ilikuwa barabara iliyofungwa, na mshukaji amevaa suti ya ngozi na helmeti iliyochongwa kwa ajili ya upepo. Hesabu inayokuhusu wewe ni nyingine. Kwenye mteremko wa asilimia 8, mtu mzima aliyesimama wima huvuka kilomita 30 kwa saa ndani ya mita 100 za kwanza. Akiendelea kusimama vilevile, kifua chake kinazuia upepo na kasi hukwama katikati ya kilomita 40 na 50. Akijikunja, kifua juu ya goti na mikono mgongoni, anapita 60 bila kufanya kingine chochote.

Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Kilomita 60 ni karibu mita 17. Mbuzi akitokea kwenye nyasi mita 30 mbele yako, una sekunde mbili.

Mteremko unapimwaje bila vifaa vya wahandisi?

Chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita 1 na pima maji ya fundi mwashi. Laza ubao barabarani kuelekea bondeni, kisha inua ncha ya chini hadi pima maji ionyeshe usawa. Pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo na lami. Sentimita 5 ni asilimia 5, sentimita 8 ni asilimia 8. Rudia kila baada ya mita 50 na uandike, kwa sababu barabara inayoonekana sawasawa kwa macho mara nyingi ina kipande kimoja kilichochongoka kuliko vingine, na kipande hicho hupenda kuwa karibu na kona.

Anayeanza abaki kwenye asilimia 3 hadi 4, tena mahali ambapo mwisho wa mteremko ni tambarare au unapanda kidogo, ili ubao ujisimamie wenyewe. Asilimia 5 hadi 7 ni ya mwenye breki ya mguu na msereko (kuuteleza ubao ukiwa mkingamo ili kasi ipungue) wa uhakika. Zaidi ya 8 ni kwa wenye miaka ya mazoezi na barabara iliyofungwa.

Huku Kusini kuna milima ya kutosha kweli?

Mji wa Mtwara ni tambarare. Ni mzuri kwa kujifunza kusukuma na kukunja kona, basi. Mji wa Lindi umekaa kati ya bahari na vilima, hivyo vimiteremko vifupi vya mazoezi vipo. Mteremko mkubwa wa eneo lote ni kingo za uwanda wa Makonde. Pale Newala, kwenye Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla na unaliona bonde lote chini kuelekea mto Ruvuma. Barabara inayotoka juu ya uwanda kwenda kwenye bonde hilo lazima ishuke ukingo huo.

Tatizo ni lami. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande, na kipande cha Mtwara–Mnivata cha kilomita 50 kilitangulia. Kwa hiyo usipange safari kwa ramani ya simu peke yake. Ramani haikuambii pale lami inapoishia na changarawe kuanza, wala haionyeshi mchepuko wa ujenzi. Tuma mtu apite na bodaboda wiki hiyohiyo, apige picha kila kona. Longibodi ikitoka kwenye lami na kuingia changarawe kwa kasi, magurudumu yanasimama, wewe unaendelea.

Lami zote ni sawa?

Hapana, na jambo hili hupuuzwa sana. Lami iliyochanganywa na kusindiliwa ikawa laini ndiyo bora: msereko unatoka taratibu na magurudumu yanadumu. Lami ile ya kumwagwa na kufunikwa kokoto, iliyo kwenye barabara zetu nyingi, ni mkwaruzo mtupu. Ubao unatetemeka hadi miguu inakufa ganzi, msereko unashikashika badala ya kuteleza, na ukianguka unachunika kuliko kwingine. Kokoto zilizolegea pembeni huviringika chini ya gurudumu kama mtama.

Halafu kuna mchanga. Mvua huuteremsha udongo wa uwanda hadi barabarani, hasa upande wa ndani wa kona, yaani palepale unapotaka kupita. Juu ya mchanga gurudumu linateleza bila kukupunguzia kasi, kisha likifika tena kwenye lami safi linashika ghafla na kukurusha. Fagia. Fagio mbili za chelewa na watu wawili wanatosha kusafisha kona moja, na ni kazi ya lazima kila asubuhi hata kama mlifagia jana. Msimu wa korosho kuna pia majani makavu na mabibo yaliyopondwa. Bibo linateleza kama sabuni.

Mchana jua likiwa kali, lami nyingine huyeyuka juu na kung'aa. Mahali panapong'aa hapashiki.

Matuta na rasta (vijituta vidogo vya mfululizo) je?

Hayavukwi kwa kasi. Tuta ulione kwa miguu kabla ya kuliona ukiwa juu ya ubao. Kama mteremko una tuta katikati, chukulia kuwa mteremko unaishia mita 80 kabla ya tuta hilo, na weka mtu mwenye bendera hapo.

Tunaruhusiwa kushuka kwenye barabara ya umma?

Kushuka katikati ya malori na mabasi hatukushauri hata kidogo, iwe una uzoefu kiasi gani. Dereva wa lori la korosho anayepanda mlima hatarajii kukutana na mtu aliyesimama juu ya ubao upande wake wa kona. Njia sahihi ni kuomba kipande kifungwe kwa saa chache. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Andika barua kwa meneja wa mkoa au wilaya husika, na nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya ili mpewe askari wa usalama barabarani. Barua itaje kipande chenyewe kwa majina ya vijiji, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya washukaji, na mpango wenu wa majeruhi. Peleka mapema, mwezi mmoja kabla au zaidi, na uifuatilie kwa miguu yako.

Usisahau serikali ya kijiji. Mwenyekiti na mtendaji waonwe ana kwa ana, kwa shikamoo na kwa kukaa chini, si kwa ujumbe wa simu. Wao ndio wanaojua siku ya gulio na siku ya mazishi. Ijumaa mchana watu wanakwenda msikitini, msifunge barabara. Miezi ya likizo za shule ulizeni kuhusu misafara ya jando na unyago. Ngoma ikipita barabarani, nyie ndio mnaopisha.

Tupange msimu gani na saa ngapi?

Mvua za Kusini ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Lami ikilowa, breki ya mguu inapoteza nguvu na msereko hauna mwisho. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba: kumekauka, joto limepungua, na malori ya korosho hayajaanza kujaa kama Oktoba na kuendelea. Kasoro yake ni upepo wa kusi, unaoweza kukupiga ubavuni ghafla ukitoka kwenye kona iliyokingwa na mlima.

Anzeni kukipambazuka, mmalize kabla ya saa 3 asubuhi. Juu ya uwanda ukungu unaweza kuwepo asubuhi. Kama mtu wa kona ya kwanza haonekani kutoka pa kuanzia, subirini.

Ninunue vifaa gani, vya vipimo gani?

Ubao: wa mbao za tabaka nyingi zilizogandishwa kwa gundi, au wenye nyuzi za kioo, unene wa milimita 11 hadi 13. Usinese ukisimama katikati. Juu uwe na msasa mkali wa kubandika.

Traki: za pembe ya nyuzi 50 mbele na nyuma zinatosha kwa kujifunza. Wanaokwenda kasi huweka nyuzi chache zaidi nyuma, mfano 45 mbele na 25 nyuma, ili nyuma isikunje haraka na kuanza kuyumba.

Bushi: ndizo raba zinazoamua ugumu wa kukunja. Mtu wa kilo 60 hadi 75 aanze na ugumu wa 87A hadi 90A. Mzito zaidi apande hadi 93A au 95A. Kukaza nati kupita kiasi ili kufidia bushi laini ni kosa: raba inavimba, inapasuka, na ubao unakuwa mkaidi katikati kisha unalegea ghafla.

Magurudumu: 70 hadi 72 mm, ugumu wa 78A hadi 82A, kingo za mviringo. Kingo zilizochongoka zinashika zaidi, ni za mashindano, si za kujifunza msereko.

Beringi: namba 608, ndani milimita 8, nje 22, unene 7. Namba hiyo hutumika pia kwenye mashine nyingine ndogo, hivyo jaribu maduka ya beringi, lakini weka na kibomba kidogo cha chuma cha kutenganisha beringi mbili ndani ya gurudumu. Bila hiyo, ukikaza nati unazibana beringi na zinaungua.

Spana: hapa wageni hukwama. Nati za ekseli ni nusu inchi. Spana namba 13 inakubali. Boliti za kufungia traki ni inchi 3/8. Namba 10 inakaa kwa kulegea. Nati ya kingipini (boliti kubwa ya katikati ya traki) ni inchi 9/16: namba 14 haiingii, na namba 15 inalegea hadi inakula kona za nati. Njoo na spana yako ya inchi.

Nati ya ekseli kaza hadi gurudumu ligome, kisha rudisha nyuma kidogo mpaka usikie mchezo mdogo ukilitikisa. Kila asubuhi kagua boliti zote 8. Mtetemo wa lami ya kokoto unazilegeza.

Fundi seremala anaweza kunitengenezea ubao?

Kwa mazoezi ya tambarare, ndiyo. Atumie plaiwudi nzuri ya milimita 12 yenye moyo mgumu, asitumie ubao wa kipande kimoja hata kama ni mninga, kwa sababu mbao ya kipande kimoja hupasuka kufuata nyuzi zake. Matundu ya traki yana mpangilio wa aina mbili: upana kati ya matundu ni milimita 41.3 kwa zote, urefu ni 54 kwa mpangilio mpya na 63.5 kwa wa zamani. Achore kwa kufuata traki zenyewe. Kwa mlimani usimtumie. Ubao ukikatika kilomita 50 kwa saa, hakuna ujuzi utakaokuokoa.

Nivae nini?

Helmeti inayofunika uso wote, hadi kidevu. Ya bodaboda yenye kidevu ni nzito na ina joto, lakini ni bora kuliko ya baiskeli. Helmeti iliyogongwa sana mara moja haitumiki tena, hata kama nje haionyeshi ufa. Pedi za magoti na viwiko, kinga ya mgongo, suruali ya jinzi nzito kwa wanaojifunza, ngozi kwa wanaopita 60.

Glavu za kushukia zina kipande cha plastiki ngumu kwenye kiganja ili mkono uteleze juu ya lami. Ukikosa, chukua glavu za ngozi za kuchomelea, kata mviringo wa milimita 10 hadi 12 kutoka kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama, ushone na kugandisha kwenye kiganja.

Viatu: soli bapa. Breki ya mguu inamaliza soli kwa siku chache, kwa hiyo mpelekee fundi viatu abandike na kushona kipande cha mpira wa tairi chini ya kiatu cha mguu wa nyuma. Akigandisha tu bila kushona, joto la msuguano litakibandua.

Ninajifunza kusimamisha ubao kwa hatua zipi?

Anza na breki ya mguu. Ukiwa tambarare, hamishia uzito wote mguu wa mbele, goti limekunjwa, kidole cha mguu kikielekea mbele. Shusha mguu wa nyuma pembeni mwa ubao, unyayo wote uguse lami kwa wepesi kama unaifuta. Ongeza uzito polepole. Kosa la wengi ni kukanyaga kwa kisigino kwanza: mguu unanasa, mwili unazunguka. Usihamie mteremko wowote kabla hujaweza kusimama mara kumi mfululizo ndani ya mita ulizochora kwa chaki. Ukipita kilomita 40 kwa saa, breki hii haikutoshi peke yake.

Kisha msereko wa mkono chini, ulioanzishwa na Cliff Coleman huko Berkeley, California, miaka ya 1970. Tafuta mteremko wa asilimia 4, kasi ya mtu anayekimbia. Polepole zaidi ya hapo magurudumu yanagoma kuteleza. Kunja kona kidogo kuelekea upande wa vidole, kisha chuchumaa kabisa huku ukirudisha kona upande wa visigino. Goti la nyuma lielekee mguu wa mbele. Weka kiganja cha mkono wa mbele kwenye lami nyuma ya visigino vyako, na papo hapo zungusha mkono mwingine na mabega kuelekea huko unakotaka ubao ugeuke. Sukuma kwa visigino. Ubao unakaa mkingamo, magurudumu yanaimba, kasi inakatika.

Ubao ukigoma kuteleza, huenda uzito umebaki kwenye visigino na magurudumu yanachimba. Inuka kidogo na uegemee mkono. Ubao ukikukimbia mbele, umeweka uzito mwingi mno mkononi. Magurudumu yakitoka na sehemu bapa, umekaa mkingamo muda mrefu mahali pamoja. Yakilika upande mmoja, yageuze na ubadilishane ya mbele kulia na ya nyuma kushoto.

Ubao unaanza kuyumba nikipata kasi. Nifanye nini?

Usikaze miguu, usisimame wima, usirudi nyuma. Hayo matatu ndiyo mwili utakayotaka kufanya, na yote yanaongeza mtikisiko. Unapoegemea nyuma, traki ya nyuma inaongoza badala ya kufuata, na kila mtetemo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Sukuma uzito mbele, kiasi cha asilimia 60 hadi 70 mguu wa mbele, chuchumaa, tazama mbali, kisha ingia kwenye kona pana au msereko mapema. Ukishatulia chini, kagua bushi na nati kabla ya kupanda tena.

Kundi la marafiki lijipange vipi?

Kila kona isiyoonekana iwe na mtu wake, mwenye filimbi na kitambaa chekundu. Kitambaa juu maana yake simameni wote. Mtandao wa simu unaweza kukatika bondeni, kwa hiyo kanuni ni moja: kona isipojibu, hakuna kushuka. Wanaojifunza waachane sekunde 10. Wazoefu sekunde 3 au zaidi. Aliye mbele haulizwi kwa nini amepunguza, wa nyuma ndiye anayejihadhari. Gari la kufuata libaki nyuma ya mshukaji wa mwisho, likiwa na maji, sanduku la huduma ya kwanza na nafasi ya kumlaza mtu.

Mara ya kwanza kabisa mteremko utembewe kwa miguu na wote, bila kumwacha yule anayesema anaujua.

Mtu akianguka vibaya, tumpeleke wapi?

Lipangeni kabla ya kuanza, kwa sababu umbali huku ni mrefu. Newala kuna hospitali ya wilaya. Masasi kuna Mkomaindo, na Ndanda kuna hospitali ya misheni iliyo maarufu Kusini nzima. Mtwara mjini kuna Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Lindi kuna Sokoine. Andikeni namba za zamu za hospitali iliyo karibu. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Aliyezimia au anayelalamika shingo asiinuliwe wala kuvuliwa helmeti kwa nguvu, isipokuwa hapumui. Anayetapika, anayerudia swali lilelile, au anayesinzia baada ya kugonga kichwa aende hospitali hata kama anasema yuko sawa. Mchubuko wa lami uoshwe kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, ndipo ufunikwe. Kuacha mchanga ndani kwa sababu mtu analia ni kumtengenezea kidonda cha wiki tatu. Ulizeni pia sindano ya pepopunda.

Wageni wanaotoka mbali wajue nini?

Dar es Salaam hadi Mtwara kwa barabara ni karibu kilomita 560, kupitia Daraja la Mkapa, Nangurukuru na Lindi. Wanaokwenda Masasi huchepuka Mingoyo. Acheni siku mbili za ziada: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga. Ubao usiwekwe buti la basi bila kufungwa. Magunia huwekwa juu yake, na kingipini hupinda. Ufunge kwenye kanga nzito au godoro jembamba, magurudumu yakiwa yametolewa. Someni bima yenu ya safari mstari kwa mstari, maana nyingi zinaiacha nje michezo ya kasi.

Hewa ya bahari inaharibu vifaa?

Sana. Beringi zikilala Mtwara au Lindi mjini wiki mbili bila kufutwa, zinaanza kutu. Zitoe, fungua vifuniko vyake, zioshe kwa petroli mahali penye hewa na mbali na moto, zikaushe kabisa, kisha tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwa kila moja. Grisi ya gari ni nzito mno na inashika mchanga. Ekseli zipake mafuta hayohayo kwa kitambaa, na ubao uhifadhiwe ndani, umesimama, mbali na ukuta unaotoa unyevu.